Waya Uvukao Kizingiti

  

Wiki hii twaweka mbele ya familia zetu jambo ambalo huenda likaonekana si la ukurasa huu, nalo ni waya wa umeme utolewao ndani ya nyumba na kupelekwa nje. Waya huo tunao karibu sote. Hupitishwa dirishani kwenda kwenye meza ya kukaangia viazi. Huvuka ua kwenda kwenye pampu ya kisima. Hutandazwa chini ya maturubai siku ya arusi. Hushushwa gatini kwenda kwenye mashua iliyofungwa kamba, na huko bara hupelekwa kwenye kibanda cha mchonga vinyago. Maadamu umeme umo ukutani, ulinzi wake umo pamoja nao, ikiwa fundi aliyeujenga alikuwa mwaminifu. Ukivuka kizingiti, mara nyingi ulinzi hubaki nyuma, na hatari husafiri peke yake.

Neno letu ni moja: waya ukitoka nje, ulinzi wake nao utoke. Yote yafuatayo ni sherehe ya neno hilo.

Wamunyu na pwani: tezo ni moja

Tumechukua mifano miwili, mmoja wa bara na mmoja wa baharini. Wa bara ni Wamunyu, mji mdogo katika kaunti ya Machakos, kwenye njia iendayo Kitui. Wasomaji wetu wa Mombasa wanaujua mji huo hata kama hawajaufikia, kwa kuwa ndiko chimbuko la uchongaji wa Wakamba. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kazi hiyo kwa Wazaramo wa Tanganyika zama za Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nayo kwao, na watu wa kwao wakaipokea. Baadaye wachongaji wa Ukambani wakaishusha pwani, na kule Changamwe kikasimama chama chao cha ushirika kilichoanza mwaka 1963. Hivyo ufundi uliotoka upande wa pwani ukapanda bara, kisha ukateremka tena. Fundi wa jahazi na mchonga kinyago wote wawili hushika tezo, na siku hizi wachongaji wengi hufanyia kazi mwarobaini, mti ambao kila ua wa pwani unaujua.

Umeme nao umewafikia wote wawili kwa namna moja. Mwaka 2015 serikali ilipoanzisha mradi wa Last Mile, ada ya kuunganishiwa umeme ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000, na nyumba nyingi za mashambani ambazo hazikuwa na nyaya ndani zilipewa kibao kidogo chenye taa na soketi. Hiyo ni neema, na twamshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Lakini soketi moja haitoshi watu wa mji mzima. Mama ataka friji, kijana ataka kuchaji simu za watu, na fundi aliye na mashine ya kukatia au ya kupigia msasa ataka kuitumia nje, mahali penye hewa, ili vumbi la mbao lisijae nyumbani. Basi hununuliwa waya, ukaunganishwa, ukavutwa.

Mfano wa pili ni wa baharini. Katika mikono ya bahari kama vile Mtwapa na Kilifi, chombo kikifungwa gatini huhitaji umeme wa nchi kavu wa kuchaji betri, kuendesha friji na pampu, na kuwasha taa. Waya hutoka kwenye soketi ya gati hadi chomboni. Mashua ile ni kama kibanda kile cha Wamunyu: ni mahali pa kazi palipo nje ya nyumba, panapolishwa na waya mmoja.

Umeme huua kwa kiasi gani

Umeme wa Kenya majumbani ni wa volti 240. Plagi zetu za meno matatu bapa zina fyuzi ndani, na kubwa yake ni ya ampea 13. Watu wengi hudhani kwamba fyuzi hiyo imewekwa ili kumlinda mtu. Sivyo. Fyuzi hulinda waya usiungue. Mwili wa mwanadamu huhitaji kiasi kidogo mno kuliko hicho ili udhurike.

Tupige hesabu kidogo. Kila ampea moja ina miliampea 1,000. Miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda zaweza kumzuia mtu asipumue na kuuvuruga moyo. Mtu aliyelowa, asiye na viatu, mwili wake huweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000 tu. Akishika kitu chenye volti 240, zitapita miliampea 240, yaani mara 8 ya kiasi hicho cha hatari. Wakati huohuo fyuzi ya ampea 13 yaweza kupitisha miliampea 13,000 bila ya kushituka. Mtu hufa, na fyuzi ingali nzima.

Fikirini basi ni nani nyumbani aliyelowa na asiye na viatu. Ni mama afuaye nguo uani, na binti atokaye kutia udhu. Ni mtoto achezaye karibu na mtungi. Na gatini, ni baharia ambaye nguo zake hazikauki.

Ardhi kavu ya Ukambani

Kuna ulinzi wa namna mbili, na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza ni waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano. Waya huo huunganisha bati la friji, la pampu au la mashine na chuma kilichopigiliwa ardhini. Umeme ukivuja na kuligusa bati, hupata njia ya kwenda ardhini, na ukienda kwa wingi huikata fyuzi.

Hapa ndipo Wamunyu inapotufundisha. Udongo mkavu, wenye changarawe na mawe, haupitishi umeme vizuri. Katika nchi kama Ukambani, hasa miezi ya kiangazi, chuma kifupi kilichopigiliwa juujuu chaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 na zaidi. Gawanya volti 240 kwa omu 100, utapata ampea 2.4. Kiasi hicho hakiikati fyuzi ya ampea 13 hata ingoje mwaka mzima. Basi waya wa ardhi upo, chuma kipo, fundi amelipwa, na bati la mashine lingali na umeme likimngoja mtu alishike. Nasi wa pwani tusijione tuko salama. Juu ya mwamba wa matumbawe na mchanga mkavu hali ni ileile, na chumvi yetu hukila chuma cha ardhini haraka zaidi.

Kwa hiyo ulinzi wa pili si anasa. Ni kifaa ambacho mafundi hukiita kwa herufi RCD, nasi hapa tutakiita kikata-mvujo. Kazi yake ni kupima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Vikilingana, hutulia. Vikitofautiana kwa miliampea 30, maana yake umeme umepata njia nyingine, na huenda njia hiyo ni mwili wa mtu. Hapo hukata umeme wote kwa muda usiofika theluthi moja ya sekunde. Katika mfano wetu wa omu 100, zilikuwa zikivuja ampea 2.4, ambazo ni mara 80 ya kiasi kinachokishitua kifaa hiki. Kitakata kabla ya mtu yeyote kugusa bati.

Familia isiyo na uwezo wa kufanya yote kwa mara moja, ianze kwa kikata-mvujo katika soketi ile ambayo waya wa nje hutokea. Kisha chuma cha ardhini kipigiliwe kwa kina, mpaka kifike kwenye unyevu, na fundi akipime kwa mita yake. Asitoe hukumu kwa kukiangalia tu. Fundi mwenyewe awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini Kenya, na si aibu kumwambia akuonyeshe.

Chomboni: maji, chumvi na kupwa

Chombo kina taabu zake zaidi ya kibanda. Ya kwanza ni kwamba hakitulii. Wakati wa bamvu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Waya uliofungwa vizuri maji yamejaa utakazwa yakipwa, na plagi itavutika mpaka meno yake yasigusane sawasawa na soketi. Waya uliolegezwa sana nao utalala majini. Uachiwe urefu wa kutosha, uinuliwe kwa kamba, na karibu na plagi upindwe kwa chini ili matone ya maji yadondokee kwenye pindo badala ya kutiririkia ndani ya plagi.

Taabu ya pili ni chumvi. Shaba iliyofikiwa na hewa ya bahari hugeuka kijani, na ule ukijani haupitishi umeme kama shaba safi. Ndiyo maana waya bora wa chomboni huwa na nyuzi za shaba zilizopakwa bati, na soketi yake huwa na kifuniko. Waya wa nyumbani ukitumiwa chomboni hauchukui muda kabla ya kuoza kutoka ndani, ilhali nje ungali waonekana mpya.

Ya tatu ni mtihani wa wenye vyombo. Waya wa ardhi huunganisha vyuma vya mashua moja na vya mashua jirani kupitia gati, na kwa sababu hiyo vipande vya zinki vinavyolinda rafadha na usukani huliwa haraka. Wapo wenye vyombo waliokata waya wa ardhi ili kuokoa zinki. Wameokoa kitu cha bei ndogo na kuweka roho za watu rehani. Kuna kifaa maalumu kinachozuia ulaji huo na kuuacha waya wa ardhi mahali pake. Anayeona zinki yake yaisha mapema amwulize fundi kifaa hicho, wala asikate kitu.

Tena maji ya chumvi na maji matamu hayafanani. Maji ya bahari hupitisha umeme vyema kuliko mwili wa mtu, hivyo umeme uliovuja humzunguka muogaji. Maji matamu, kama ya Ziwa Victoria au Naivasha, hupitisha umeme vibaya kuliko mwili, na umeme huupendelea mwili. Muogaji viungo vyake hukazika, hawezi kuogelea, naye huzama bila ya alama yoyote. Watu husema amezidiwa na maji. Mwenye ndugu katika maziwa ya bara amfikishie habari hii: watoto wasiogelee karibu na gati lenye umeme. Nasi wa baharini tusijidanganye kwamba chumvi ni kinga, kwani anayeshika ngazi ya chuma huku miguu imo majini amekwisha kujifanya njia ya umeme.

Kiungio ndicho kidonda

Mara nyingi moto hauanzi katikati ya waya. Huanza pale waya unapokutana na kitu kingine: kwenye plagi, kwenye soketi, na pale nyaya mbili zilipofungwa kwa mkono na kuvikwa utepe mweusi. Kiungio kilicholegea hukinza umeme, na kinachokinza hupata joto. Umeme ukiongezwa mara 2, joto la kiungio hicho huongezeka mara 4.

Plagi ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba wati 3,120. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,500, na mpaka umevukwa. Waya mwembamba huchoka kabla ya hapo. Na waya ulioviringwa kwenye gurudumu lake ukapewa kazi kubwa huoka wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa joto halina pa kutokea. Ufunguliwe wote kabla ya kutumiwa. Kwenye karakana ya mbao, tahadhari iongezwe, maana vumbi la mbao likijaa ndani ya soketi lanawa kwa cheche ndogo. Sehemu ya chini ya soketi ifagiliwe kila jioni.

Kibaya kuliko vyote ni waya wenye plagi pande zote mbili, ambao baadhi ya watu hutengeneza ili jenereta iingize umeme nyumbani unapokatika. Meno ya plagi moja huwa wazi yakiwa na volti 240. Tena umeme huo waweza kurudi kwenye nguzo na kumwua mfanyakazi aliyepanda kututengenezea. Waya wa namna hiyo ukiwamo nyumbani, ukatwe leo.

Ada za nyumba

Mama wa nyumba ndiye ashikaye plagi mara nyingi kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo twaziweka ada hizi mikononi mwake, na wanaume wamsaidie.

Kwanza, mpango wa kuunganisha. Anza upande wa chombo au kibanda, na umalizie kwenye soketi ya ukutani. Wakati wa kufungua, zima vyombo vyote, kisha anza kuchomoa ukutani. Ukifuata mpango huo, hutashika kamwe mkononi ncha ya waya yenye uhai, na ncha hiyo haitaanguka majini.

Pili, mwezi ukiandama, bonyeza. Kikata-mvujo kina kidude kidogo cha kujaribia. Tulizoea kutoka nje kuutafuta mwezi mwandamo. Basi usiku wa kwanza wa kila mwezi wa Kiislamu, na kidude hicho kibonyezwe. Umeme ukikatika, kifaa ki hai, kiwashe tena. Usipokatika, kifaa kimekufa, aitwe fundi. Fahamu kwamba jaribio hilo halipimi waya wa ardhi. Huo hupimwa kwa mita ya fundi.

Tatu, tumia mkono wako. Baada ya nusu saa ya kazi, chomoa plagi na uguse umbo lake la plastiki, si meno yake. Uvuguvugu si neno. Ikiwa joto linakufanya uondoe mkono, au plastiki imebadilika rangi, au kuna harufu ya kuungua, isirudishwe.

Nne, siku ya arusi, maulidi au matanga, mwenye kukodisha taa aulizwe mbele ya watu: kikata-mvujo kiko wapi? Viungio viinuliwe juu ya kiti au meza, visilale kwenye nyasi wala chini ya mikeka, na waya usipite mahali pa kuoshea vyombo.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima swichi au chomoa kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa ubao mkavu au mti wa ufagio. Akiwa majini, usimrukie. Mbio ziwe za kwenda kuzima umeme wa gati, ndipo umtupie kamba. Kisha apelekwe hospitali hata akisema ni mzima, kwa sababu moyo waweza kuvurugika baadaye. Waya wa nguzo ukianguka, watu wakae mbali, na Kenya Power wapigiwe kwa nambari 97771.

Amana

Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Surat al-Baqara aya ya 195, kujitia kwa mikono yetu katika maangamizi. Na katika Sahihi al-Bukhari imepokewa kwamba nyumba iliungua Madina usiku pamoja na watu wake, Mtume (s.a.w.) akaamrisha moto uzimwe wakati wa kulala, na akatahadharisha juu ya panya avutaye utambi wa taa. Taa zetu leo hazina utambi, lakini panya yupo, na waya anautafuna. Kuchomoa waya wa nje kabla ya kulala ni katika kufuata mafundisho hayo.

Tena iko hadithi ya Nu'man bin Bashir, juu ya watu waliopiga kura ndani ya jahazi. Walio chini wakaona taabu kupanda juu kuteka maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Anayekata waya wa ardhi katika mashua yake, na anayevuta waya mbovu uani kwake akisema kwamba ni mali yake, ametoboa tundu katika sehemu yake. Umeme hauujui mpaka wa kiwanja, na mtoto wa jirani haujui vilevile. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ana deni la nyaya salama kwa mpangaji wake. Mwenye chombo ana deni kwa baharia wake, na mwenye karakana kwa kijana amfanyiaye kazi. Na jirani aonaye hatari akanyamaza kwa kuona haya, naye yumo jahazini.

Twawaomba akina mama, kabla ya Ijumaa ijayo, waufuate waya mmoja tu utokao nyumbani, kutoka ukutani hadi mwisho wake, wakitazama kila kiungio. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, vyombo vyetu na vibanda vya ndugu zetu wa bara, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Amin.